Maswali ya Wasomaji: Magari ya Daikasti Katika Chumba na Sebule

SWALI: Ndugu Mhariri, naishi katika chumba na sebule cha kupanga huko Nkuhungu, Dodoma. Kwa miaka tisa nimekusanya magari madogo ya daikasti, yaani ya metali kama zinki iliyomiminwa kwenye kalibu, 180 ya skeli ya 1:64, na mengine 12 ya skeli ya 1:18, yote yakiwa katika maboksi ya karatasi chini ya kitanda. Mwezi uliopita nilikuta mchwa wametafuna boksi moja, na gari moja kubwa limenata kwenye kitako chake cha plastiki. Lipo pia gari kuukuu ambalo marehemu babu alipewa na mwajiri wake enzi za Mwingereza. Linapasuka bila kuguswa, nami naogopa litayaambukiza mengine. Mke wangu anatarajia kujifungua, kwa hiyo nafasi itazidi kuwa finyu. Nifanyeje bila kuyauza?

JIBU: Ndugu msomaji, hongera kwa mgeni mnayemtarajia, na pole kwa uharibifu uliokupata. Kabla ya jambo jingine lolote, yatoe magari hayo chini ya kitanda, kwa kuwa vumbi la kiangazi cha Dodoma hutulia sakafuni, mchwa nao hupandia sakafuni, na boksi la karatasi kwao ni chakula. Nafasi unayoitafuta unayo tayari, nayo iko ukutani.

Gari halisi lenye urefu wa mita 4.5 likipunguzwa mara 64 hubaki na sentimita 7 tu, ilhali likipunguzwa mara 18 hubaki na sentimita 25. Kwa hiyo yale 180 hayahitaji kabati lenye kina kirefu. Mwombe seremala akutengenezee kabati la kutundika lenye upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 9 kwa ndani, rafu zikiachana kwa sentimita 5. Ukiyapanga pua ikitazama mbele, kila gari litachukua takriban sentimita 4 za upana, hivyo rafu moja itabeba magari 15 na rafu 12 zitayabeba yote, katika kimo cha sentimita 70 na ushei. Ukiyapanga kwa ubavu, ambavyo nakiri hupendeza zaidi, rafu hizo hizo zitabeba 84 tu. Ikiwa unayo malori au mabasi, rafu moja iongezwe kimo.

Kwa makadirio yangu magari hayo peke yake yatakuwa na uzito wa kilo 6 hadi 9, na ukijumlisha mbao na kioo utaona kwamba misumari haitoshi. Tumia skrubu na plagi za ukutani, baada ya kuzungumza na mwenye nyumba. Ukingo wa chini uwe sentimita 130 kutoka sakafuni, kwa sababu mtoto mchanga wa leo atakuwa akitambaa na kusimama kabla ya mwaka kwisha, na gurudumu dogo likichomoka linaweza kumkaba koo. Chagua ukuta usiopigwa na jua la dirishani, kwani jua hupausha rangi na kupinda plastiki. Mbele weka vioo viwili vya kuteleza, na kwenye upenyo wa kati bandika utepe wa sponji. Kabati likiwa jipya, liache wazi mpaka harufu ya vanishi na gundi iishe kabisa, kwa maana mvuke wake ukifungiwa ndani hudhuru rangi na metali.

Yale 12 makubwa usijaribu kuyaonyesha yote. Weka matatu mezani au juu ya rafu, na mengine yakae kwenye maboksi yake ndani ya makontena ya plastiki yenye mifuniko, ukiyabadilisha kwa zamu. Kama nyumba ina dari, makontena yanaweza kukaa juu ya kabati la nguo. Kama bati liko wazi, joto la mchana litakuwa kali mno huko juu, na ni afadhali uyaweke chini juu ya stendi ya chuma, yakiwa mbali kidogo na ukuta ili njia ya udongo ya mchwa ionekane mapema.

Kunata kwa gari lako kunatokana na vilainishi vilivyomo ndani ya matairi, ambavyo huhama taratibu na kuyeyusha plastiki inayogusana nayo, hasa kwenye joto. Libandue polepole, kisha weka kipande cha karatasi ya alumini chini ya kila tairi, au liinue kwa kigingi chini ya chasi.

Kuhusu gari la babu, ondoa hofu: hali hiyo haiambukizi. Husababishwa na madini ya risasi au uchafu mwingine ulioingia katika zinki wakati wa kusubu, na unyevu pamoja na joto huiharakisha. Magari ya Dinky Toys yaliyotengenezwa Liverpool kabla ya Vita Vikuu vya Pili yanajulikana sana kwa tatizo hilo. Mwaka 1929 kampuni ya New Jersey Zinc ya Marekani ilitoa aloi (mchanganyiko wa metali) iitwayo zamak, inayotumia zinki iliyosafishwa sana, na ndiyo maana magari mengi ya sasa hayapasuki hovyo. Ufa ukishaanza hakuna dawa, na gundi haitasaidia kwa kuwa metali yenyewe inaendelea kuvimba. Lilaze katika kopo lake lenye pamba na kifuko cha silika cha kunyonya unyevu, liweke mahali penye ubaridi, na lipige picha pande zote wiki hii, wakati umbo lake bado limetimia.