Maswali ya Wasomaji: Pipa la kupimia maji yanayochipuka ziwani

SWALI: Tunapima virutubisho vinavyoingia Ziwa Victoria kupitia chini ya ardhi, upande wa Entebbe. Tumekata pipa, tukalifudikiza kwenye mashapo na kufunga kaveera (mfuko wa plastiki) juu. Kaveera hujaa haraka mno na fosfati iko juu ajabu. Tumekosea wapi?

JIBU: Kaveera tupu hujivutia maji yenyewe inapokunjuka. Itieni lita 1 kabla ya kuifunga, mtoe hewa yote. Pipa nalo likishadidimizwa liacheni litulie siku nzima, likiinama kidogo ili mapovu ya gesi yatokee kwenye tundu la juu.

Pipa la lita 200 hufunika kama mita ya mraba 0.25. Maji ya kwenye kaveera yakipanda kutoka mililita 1,000 hadi 1,600 kwa saa 6, mtiririko ni lita 9.6 kwa mita ya mraba kwa siku.

Fosfati ndiyo yenye hila. Maji yaliyofungiwa pipani huishiwa oksijeni, kutu iliyomo kwenye tope huyeyuka na kuiachia fosfati iliyoishika. Hapo mnapima pipa, si maji ya ardhini! Sampuli ichoteni kwa bomba jembamba lililochomekwa kwenye mashapo kando ya pipa, na muichuje papo hapo kwa chujio la mikromita 0.45. Ikikaa wazi, chuma hushika kutu tena na kuinasa fosfati. Safari hii kipimo hushuka. Kisha zidisheni kiwango cha fosfati cha sampuli iliyochujwa kwa mtiririko.

Na msiingie miguu mitupu: kichocho kipo.