Mfalme kavaa mchuchumio, nguvu iko wapi?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mwanangu karudi na kitabu cha historia, ndani kuna picha ya Louis wa 14 wa Ufaransa, kavaa soksi ndefu za kubana na viatu vya mchuchumio, mguu mmoja mbele utadhani anaingia kucheza. Eti picha hiyo inaonyesha nguvu za mfalme. Nguvu gani hapo jamani? – Mama wawili, Morogoro

JIBU: Salama mama. Hapo kwenye kucheza umepatia kabisa, maana Louis alikuwa mcheza dansi hasa, mwaka 1653 akiwa na miaka 14 alicheza mbele ya watu wa ikulu kavaa kama Jua, na mpaka leo anaitwa Mfalme Jua.

Picha hiyo kaichora Hyacinthe Rigaud mwaka 1701, mfalme keshapita miaka 60 na jongo linamtesa. Mwangalie uso sasa, mashavu yamebonyea, mdomo umeingia ndani kwa sababu meno ya juu mengi yalikuwa yameshang'oka, na Rigaud wala hakuyaficha hayo. Halafu shuka chini kwenye miguu. Ya kijana wa miaka 20! Mimi naona siri yote iko hapo, uso ni wa mzee mwenyewe, ila ile miguu ni ya ufalme, na ufalme hautakiwi kuonekana umechoka. Hata kazi ilifanyika hivyohivyo, uso aliuchora pembeni kwenye kitambaa kidogo ndo kikaja kubandikwa kwenye kile kikubwa.

Mchuchumio usikusumbue, enzi zile vilikuwa viatu vya wanaume wenye vyeo, na kisigino chekundu kilikuwa alama ya watu wa ikulu.

Kinachonigusa zaidi ni mikono. Fimbo ya enzi kaigeuza juu chini, kaiegemea kama bakora ya kutembelea, na taji hata hajalivaa, liko kando juu ya mto. Mtu mwenye wasiwasi na kiti chake angelivaa taji na fimbo angeikamata vizuri watu waione, huyu kakaa nazo kama vitu vya nyumbani kwake, hiyo ndo tabia yake na mchoraji kaidaka. Joho nalo, la buluu lenye maua ya dhahabu na manyoya meupe ndani, limetupwa nyuma ya bega makusudi ili mguu uonekane.

Picha ilikuwa ya kumpelekea mjukuu wake aliyekuwa mfalme wa Hispania, lakini mzee alivyoiona akaipenda akabaki nayo, sasa iko kwenye jumba la makumbusho la Louvre, Paris. Ina sentimeta 277 kwenda juu, kwahiyo ukisimama mbele yake yeye ndo anakuangalia kutokea juu, kitabuni hilo linapotea.

Jaribu na mwanao, funikeni uso kwa kiganja mtazame miguu, halafu funikeni miguu mtazame uso. Mtaona watu wawili.