Paka mzee anakula sana lakini anakonda, ni thairoidi?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina paka jike wa miaka 14, nimemlea toka anafumbua macho. Kwa miezi kadhaa sasa anakula mpaka ananishangaza, anamaliza chakula chake afu anakuja kulia tena jikoni, akinyimwa anapanda mezani, kitu ambacho maisha yake yote hajawahi kufanya, lakini ukimpapasa mgongoni ni mifupa mitupu. Usiku ndo usiseme, anazunguka nyumba nzima analia kwa sauti nzito, hatulali. Nyumbani wanasema ni uzee tu na paka anayekula hivo hawezi kuwa mgonjwa, mwingine akasema ni minyoo, nikampa dawa ya minyoo wapi, hakuna kilichobadilika. Nimesikia paka nao wanaugua thairoidi, je inaweza kuwa ndo hiyo? Na mdogo wangu anameza vidonge vya thairoidi kila siku, naweza kumpa paka hata robo nione? (Mama Nyau)

JIBU: Marahaba mama. Nianze na hilo la mwisho mana ndo la haraka. Vidonge vya mdogo wako usimpe, hata robo, hata unga wake. Watu wengi wanaomeza dawa ya thairoidi kila siku ni wale ambao tezi yao ya thairoidi, ile ya shingoni inayotengeneza homoni za kuendesha kasi ya mwili, imelegea kwa hiyo wanaongezewa homoni, wakati paka wazee shida yao karibu mara zote ni kinyume chake, tezi inatengeneza homoni kupita kiasi. Ukimwongezea nyingine unazidi kuusukuma moyo ambao tayari unakwenda mbio.

Sasa tuje kwa paka mwenyewe. Ndiyo mama, inaweza kabisa kuwa thairoidi, na kwa jinsi ulivyoeleza ningeanza kuitafuta hiyo kabla ya kitu kingine. Ni ugonjwa wa homoni unaoongoza kwa paka wazee, wengi wanaoupata wameshapita miaka 10. Madaktari waliueleza vizuri kwa mara ya kwanza mwaka 1979 kule Marekani, na toka hapo tunauona kila leo. Tezi yenyewe iko shingoni, ina pande mbili, huku na huku ya koromeo, na kinachotokea ni kwamba upande mmoja, au mara nyingi zaidi pande zote mbili, unaota kauvimbe kanakomwaga homoni bila breki. Usiogope ukisikia neno uvimbe, saratani ni wachache sana, hawafiki hata 5 kwenye 100. Ila homoni zikizidi mwili mzima unafanya kazi kwa kasi mno, chakula kinaisha kabla hakijawa nyama, ndo mana ana njaa isiyoisha na bado anakonda, ndo mana hatulii na usiku analia.

Hii kauli ya "anakula vizuri kwa hiyo ni mzima" inaniuma kweli, mana ndo inayochelewesha paka wengi kufika kwa daktari. Mtu akiona paka hali ndani ya siku mbili kashamkimbiza hospitali, lakini anayekula huku anayeyuka anaachwa mwaka mzima, tena watu wanamsifia kwamba uzeeni kachangamka! Paka mzee hatakiwi kukonda bila sababu mama. Naomba leo hii umpime. Panda kwenye mizani ukiwa umembeba, kisha panda mwenyewe, utoe, au kama kuna mizani ya watoto wachanga ndo nzuri zaidi. Uandike, urudie kila wiki. Nusu kilo inaonekana ndogo, lakini kwa paka wa kilo 4 hiyo ni sehemu moja ya nane ya mwili wake, ni sawa na mtu wa kilo 80 apungue kilo 10, huyo wote mngemshtukia.

Wakati unapanga kumpeleka, angalia na haya: anakunywa maji zaidi ya zamani? Anakojoa sana? Anatapika au anaharisha, manyoya yamekuwa machafu yameshikana kama hajilambi tena? Mrekodi kwa simu anavyolia usiku ukamwonyeshe daktari, mana pale kliniki atakaa kimya kama siye yeye.

Daktari atamnyanyua kidevu kidogo, aweke kidole gumba na cha shahada pande zote za koromeo, ateremshe taratibu kuelekea kifuani, na kwenye paka wengi wenye shida hii anahisi kitu kidogo cha ukubwa wa punje ya harage kinateleza chini ya vidole. Atasikiliza moyo pia. Ila hata akikihisi hicho kidude bado damu lazima ipimwe, kwa sababu kisukari, figo na magonjwa ya utumbo yanaweza kuja na sura hii hii. Kipimo chenyewe kinaitwa T4, yaani kinapima homoni ya thairoidi kwenye damu, na mwombe kwa pamoja acheki sukari, figo, ini, mkojo, na presha. Presha usikubali irukwe. Ikipanda sana inaweza kubandua ngozi ya nyuma ya jicho na paka akapofuka ghafla, mtu anaamka asubuhi anamkuta paka anagonga kuta.

Na T4 ikitoka ya kawaida msifunge faili. Mwanzoni mwa ugonjwa inapanda na kushuka, na paka akiwa na ugonjwa mwingine pembeni inashushwa ionekane ya kawaida. Kama dalili ziko vile vile rudieni baada ya wiki chache.

SWALI: Habari daktari, paka wangu alipimwa akakutwa na thairoidi, kaanzishiwa vidonge vya methimazoli vya kushusha homoni, asubuhi na jioni. Kaanza kunenepa. Daktari anataka kurudia damu kila mara, hivi ni lazima? Na akishapona naacha? Halafu siku hizi mbili anajikuna uso mpaka anajitoa damu.

JIBU: Ndugu yangu, anza na hilo la kujikuna, mpigie daktari wako leo kabla ya dozi inayofuata. Kuwashwa uso kunafahamika kabisa kwamba kunaletwa na dawa hii, na ikishafika kujitoa damu kwa kawaida inabidi isimamishwe ibadilishwe njia ya matibabu. Vivyo hivyo ukiona ameacha kula, anatapika sana au macho na fizi zimekuwa za njano.

Damu ni lazima. Wiki 2 mpaka 4 za mwanzo ndo dozi inarekebishwa, pia dawa inaweza kugusa ini na chembe za damu. Halafu kuna figo. Homoni zikiwa juu damu inapita kwa nguvu kwenye figo, kwa hiyo figo mbovu inaonekana nzima kwenye vipimo, ukishashusha homoni ndo ubovu unajitokeza. Watu wanadhani dawa imeua figo, kumbe shida ilikuwepo imejificha, na ukiijua mapema inatunzwa.

Kuacha ukishaona kanenepa, hapana. Kidonge kinazuia tezi isitengeneze homoni, uvimbe wenyewe kinauacha pale pale, ukikatisha ndani ya siku chache homoni zinarudi juu. Kinachoponya moja kwa moja ni operesheni, au sindano ya iodini yenye mionzi ambayo mara nyingi inatosha moja tu, mana tezi ndo inayoivuta iodini kwa hiyo mionzi inaua pale palipoharibika. Kwangu mimi, paka ambaye figo na moyo viko sawa, na huduma hiyo inapatikana, hiyo sindano ndo ningeichagua, ingawa atabaki hospitali siku kadhaa mpaka mionzi ipungue. Kuna pia chakula maalum chenye iodini kidogo sana, kinasaidia, lakini hapo hatakiwi kuonja kitu kingine chochote, na paka anayetoka nje kuwinda au anayekula sahani moja na wenzake hutaweza.

SWALI: Daktari mimi ni mjamzito na mimi ndo nampa paka dawa ya thairoidi. Kuna shida?

JIBU: Dada, kama kuna mwingine nyumbani mpe hiyo kazi, dawa hizi zinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Kama ni wewe tu, vaa glavu, kidonge usikikate wala kukisaga, nawa mikono baadaye, na mwambie daktari wako wa kliniki ya wajawazito. Ikiwa ni ile ya kupaka sikioni ndo kabisa usiiguse, wala usimshike sikio hilo akishapakwa. Na mchanga anaojisaidia aubadilishe mtu mwingine kila siku, mana dawa inatoka kwenye mkojo, na kuna toksoplasma pia, kimelea kinachotoka kwenye kinyesi cha paka, ambayo mjamzito lazima ajihadhari nayo.