Alama ya mishale chini ya chupa haitoshi

SWALI: Habari za kazi. Natengeneza sabuni ya maji, nauza kwenye chupa ndogo, na roho inaniuma nikiziona zimetupwa mitaroni kwa hiyo nataka nibadilishe. Muuzaji wa chupa anasema nichukue hizi zilizovalishwa plastiki ya rangi kuanzia shingoni hadi chini, eti zinarejelezeka manake zina ile mishale mitatu. Ni kweli? Au nihamie tu kwenye vipakiti, ni vyepesi na vinatumia plastiki kidogo?
Mama Sabuni

JIBU: Asante Mama Sabuni, wengi wanaanza kuuliza hili wakati mzigo wa chupa ushafika stoo.

Ile mishale yenye namba 1 hadi 7 ilianzishwa Marekani mwaka 1988 na kazi yake ni kutaja aina ya plastiki, basi. 1 ni PET, ile ya chupa za maji ya kunywa, 2 ni HDPE ya madumu, 5 ni PP ambayo utaikuta kwenye vifuniko vingi. Haikuahidi kwamba kuna mtu ataichukua akairejeleze.

Sasa hilo vazi la rangi ndo tatizo lenyewe. Mashine ya kuchambua inapiga mwanga na kusoma kilichoko nje, kwa hiyo inasoma vazi, chupa haiioni. Na pale wanapochambua kwa mkono mtu inabidi achane moja moja kwa wembe, anayelipwa kwa kilo hana muda huo, ataiacha.

Halafu kuna habari ya maji, hii naipenda sana. Chupa zikishasagwa vipande vinamwagwa kwenye maji, PET inazama, PP na HDPE zinaelea, ndo wanavyozitenganisha. Kwa hiyo kifuniko cha PP juu ya chupa ya PET hakina shida kabisa, na lebo ndogo ya PP nayo itaelea ijitoe yenyewe. Ila vazi likiwa la PVC, ile plastiki ya mabomba ya maji, linazama pamoja na PET, na PVC hata kidogo tu ikiyeyushwa humo inatoa asidi, plastiki yote inageuka njano na kuharibika. Pampu nayo iache kama unaweza, ndani mara nyingi ina springi ya chuma. Rangi chagua angavu isiyo na rangi kabisa, nyeusi usiguse, mashine nyingi haziioni.

Vipakiti hapana, dada yangu. Ni kweli plastiki ni kidogo, lakini ni tabaka tofauti zilizogandishwa pamoja, mara nyingi na karatasi ya alumini katikati, kuzitenganisha ni kazi ngumu na ya gharama, na kwa wepesi wake hakuna muokotaji atakayeinama kwa ajili yake.

Mimi ningekuwa wewe ningeanza na chupa nene ya HDPE yenye mdomo mpana, mteja airudishe umjazie kutoka kwenye dumu na umpunguzie bei kidogo, manake chupa iliyojazwa tena haihitaji kuyeyushwa wala kusafirishwa kwenda kiwandani.

Kabla hujalipia mzigo omba chupa moja ya mfano, iloweke kwenye maji ya moto ya kufulia, lebo ikigoma kutoka au ikiacha gundi inayonata, mwambie muuzaji akutafutie nyingine.