Seftriaksoni siku ya saba na karatasi haisemi kitu: muuguzi afanyeje?

SWALI: Mimi ni muuguzi wa wodi ya wanaume, hospitali moja hapa Arusha. Tulimpokea baba mwenye nimonia, akaandikiwa antibiotiki ya sindano, seftriaksoni, gramu 1 mara moja kwa siku. Leo ni siku ya saba, bado nachoma. Homa imeisha, ugali anamaliza, na kwenye karatasi ya dawa hakuna siku ya kuacha. Semina zinatuambia wauguzi tupambane na usugu wa dawa, lakini anayeandika dawa ni daktari. Nafasi yangu ni ipi hasa? (Sista, Arusha)

JIBU: Pole na kazi, sista. Nafasi yako iko kwenye karatasi hiyohiyo. Daktari anachagua dawa, lakini saa ya kuianza, saa ya kuirudia na siku ya kuihoji vinapita mikononi mwako. Yeye anapita raundi na kwenda wodi nyingine, wewe unabaki na mgonjwa.

Antibiotiki ya sindano inatakiwa iangaliwe upya kati ya saa 48 na 72 tangu dozi ya kwanza. Kufikia hapo mgonjwa ameshajionyesha anakoelekea, na mara nyingi maabara imeshasema kitu. Baba asiye na homa kwa saa 24, anayepumua vizuri, mapigo yametulia na chakula kinakaa tumboni, kwa kawaida anafaa kubadilishiwa vidonge. Seftriaksoni haina kidonge, kwa hiyo daktari atachagua dawa nyingine. Na nimonia isiyo na matatizo, ikiitikia dawa vizuri, mara nyingi siku 5 zinatosha kwa jumla. Siku za ziada hazimwongezei uponyaji. Zinaua bakteria wasio na madhara tumboni na kuwaachia uwanja wale sugu, huku kanula, ule mrija mdogo uliobaki kwenye mshipa, ikiendelea kuwa mlango wa maambukizi mapya. Shirika la Afya Duniani limeiweka seftriaksoni kwenye kundi la dawa za kutumiwa kwa tahadhari kwa sababu hiyo, wakati amoksilini iko kundi la kutangulizwa. Mwaka 2019 pekee, usugu wa bakteria ulikadiriwa kuua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani.

Usiisimamishe dawa mwenyewe. Lakini usikae kimya. Ukisema "dokta, hii dawa imezidi", utaonekana unamkosoa. Mpe hali ya mgonjwa kisha uliza: "Dokta, baba wa kitanda cha 6 yuko siku ya saba ya seftriaksoni, joto ni 36.8 tangu jana asubuhi, anakula. Tuandike siku ya kuacha au tumbadilishie vidonge?" Daktari aliyelemewa na wagonjwa atakushukuru. Na kuanzia sasa, kila unapotia saini dozi, andika pembeni "siku ya 1", "siku ya 2". Mimi naamini kitendo hicho kidogo kina nguvu kuliko mabango yote ya ukutani, maana siku ya 3 inasomwa na kila anayeifungua karatasi.

Dozi ya kwanza nayo ina mambo yake. Muulize mgonjwa kama dawa imewahi kumdhuru, na umuulize ilimfanya nini. Kuharisha kidogo baada ya amoksilini si mzio. Kuvimba uso, kutoka vipele vya kuwasha ghafla au kubanwa pumzi ndiyo mzio. Ukiandika "mzio wa penisilini" bila kuuliza, unamfungia mtu dawa nzuri na ya bei nafuu maisha yake yote. Kama daktari ameagiza damu ya kuotesha vimelea, ichukue kabla ya sindano, kwa sababu baada ya dozi bakteria wanaweza wasiote hata kama wapo. Futa kizibo cha chupa ya sampuli kwa spiriti na usubiri kikauke. Hapa kwetu Moshi sampuli kama hizo zinaoteshwa hospitali ya KCMC. Ila mgonjwa aliyezidiwa na sepsisi, yaani maambukizi yaliyoulemea mwili mzima, asisubirishwe: dawa iingie ndani ya saa moja.

Kuhusu saa, ampisilini ya kila saa 6 ni saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni na saa 6 usiku. Dawa za jamii ya penisilini zinafanya kazi kwa muda ambao kiwango chake kinabaki juu kwenye damu, kwa hiyo dozi ya usiku ikirukwa bakteria wanapata nafasi ya kuzaliana. Ndugu wakitumwa kununua dawa nje ya geti, wape muda wa mwisho wa kurudi na umjulishe mfamasia mapema. Na seftriaksoni usiipitishe pamoja na dripu ya Ringa lakteti. Kalsiamu iliyomo inaweza kugandisha dawa kwenye mrija.

Usafi wa mikono unaujua, kabla na baada ya kila mgonjwa.

Siku ya kuruhusiwa, kaa na baba pamoja na mke wake au mwanawe anayemhudumia. Onyesha vidonge, taja saa na siku ya mwisho, kisha mwambie akurudishie maelezo kwa maneno yake. Mweleze kwamba vikibaki visigawiwe kwa jirani mwenye mafua, kwa kuwa mafua ni ya virusi na antibiotiki haivigusi.

Ukiuliza raundi mbili na hupati jibu, andika kwenye ripoti ya zamu ulichokiona na saa uliyomjulisha daktari, kisha mpelekee sista mkuu na mfamasia. Kamati ya dawa na tiba ya hospitali yenu ndiyo yenye kazi ya kupanga kwamba hakuna antibiotiki inayoandikwa bila siku ya kuacha, na ripoti zako ndizo zitakazowapa hoja.