Re: Mama anasema simsikilizi kila tukipishana

Pole ndugu, umeuliza ufanyeje maana mama anadai humsikilizi tangu umwambie unataka kubadilisha kozi. Mi naona kabla hujajitetea rudia hoja yake kwa maneno yako, mfano "mama, unahofia nikiacha hii kozi nitakosa kazi, ndivyo?" alafu nyamaza kabisa, akisema sivyo mwache akurekebishe mpaka akubali umemwelewa ndo useme la kwako. Mwanasaikolojia Carl Rogers alishauri hivyohivyo kwa watu wanaobishana. Simu weka pembeni kabisa, anakuona. Na usiogope, kumwelewa sio kukubali, unaweza ukamwambia kwa heshima tu nimekuelewa mama, na bado natamani kubadilisha.