Nyonga inauma, eksirei imetoka safi: yaliyonikuta mimi

Pole sana mkuu. Nimesoma ulichoandika mara mbili. Nyonga ya kulia inauma tangu mwezi wa tano, hujaanguka wala hujagongwa, eksirei umepiga wakasema mfupa uko salama, diklofenaki unameza kila asubuhi ndo uweze kuendesha bodaboda yako, viatu huwezi kuvaa bila kukaa, na nyumbani wameshaanza kusema umekanyaga kitu. Unauliza uvumilie itaisha yenyewe au uanze kuhangaika na hospitali kubwa. Mimi nakwambia usivumilie kaka yangu, nenda, na ntakueleza kwa nini maana mimi nilivumilia miezi 14.

Mimi ni fundi cherehani, nipo Morogoro, cherehani yangu kipindi hicho ilikuwa ile ya kukanyaga kwa mguu. Ilianza 2017 kama kitu kinachovuta kwenye kinena, hapa paja linapoungana na mwili, nikimaliza gauni nikinyanyuka hatua 2 3 za kwanza mguu haukubali, afu nikitembea kidogo unalainika. Nikasema ni kukaa sana. Baada ya kama miezi 3 maumivu yakashuka gotini na hapo ndo nilipopotea kabisa, maana kuanzia siku hiyo kila niliyemwambia nilimwambia goti. Nikaenda zahanati wakapiga picha ya goti, nikaambiwa maji ya goti yamekauka, nikapewa vidonge na mafuta ya kuchua. Mama mmoja jirani akasema huo ni mshipa wa ngiri, nikanywa mizizi. Nikapelekwa kwa bibi mkandaji, akaushika mguu akauvuta na kuukunja, nilivyorudi nyumbani sikulala usiku mbili. Nikaombewa pia, na kuombewa sijutii mpaka leo, ila ile miezi ilikuwa inaenda.

Kitu ambacho sikukijua ni kwamba nyonga yenyewe, yani ile kiungo, ikiumwa mara nyingi huisikii pale pembeni unaposhika kiuno. Unaisikia kinenani, mbele, na inaweza kushuka pajani hadi gotini kwa sababu mishipa ya fahamu inayobeba maumivu ya nyonga ndo hiyo hiyo inafika mpaka goti. Watu wengi wanatibiwa goti ambalo halina shida yoyote wakati shida iko juu. Na watoto pia, mtoto akichechemea akasema goti linauma na goti halina kitu, angalieni nyonga yake, msimwambie anadeka. Wewe umeandika inauma "huku mbele karibu na mfuko wa suruali", hiyo sentensi ndo imenifanya nikae niandike yote haya.

Sasa nilivyofikia kuamua. Mimi nina daftari la wateja, naandika kitambaa, vipimo, hela iliyoingia na iliyotoka. Siku moja mwisho wa mwezi napiga hesabu naona hela hazikai, nikaanza kupitia upande wa matumizi nikakuta dawa, mafuta, mkandaji, bodaboda ya kwenda mahali ambapo zamani nilikuwa natembea kwa miguu, dawa tena, mizizi. Nikajumlisha mwaka mzima. Ilikuwa imepita laki 6. Nikakaa nikaangalia ile namba nikaona kumbe mimi nilikuwa nasema sina hela ya kwenda Dar kumbe Dar nimeshailipia na hospitali sijafika. Na nikaanza kuona mengine niliyokuwa nayafumbia macho, soksi nilishaacha kuvaa, kucha za mguu wa kulia ananikata binti yangu, kitanda nilikihamishia upande wa pili wa chumba ili nishukie mguu wa kushoto, wateja wa ghorofani nawakataa. Nilikuwa nimeyapanga maisha yote kuuzunguka huo mguu bila kujiambia kwamba naumwa. Mkuu hebu jiulize na wewe mambo mangapi umeshaacha kuyafanya tangu mwezi wa tano.

Kingine kilichonitisha ni tumbo. Diklofenaki nilikula kila siku karibu miezi 9, bila daktari, nanunua dukani kama karanga. Nikaanza kupata kiungulia kikali afu choo kikawa cheusi kama lami. Hiyo ni damu inavuja tumboni, nilikuja kuambiwa baadaye. Hizi dawa zinaumiza tumbo na figo ukizila mfululizo, na zinaziba maumivu tu, zile sababu ziko pale pale zinaendelea. Ukiona choo cheusi usisubiri siku ya kliniki, wahi siku hiyo hiyo.

Nikakopa kikoba, nikaenda Dar, Muhimbili pale MOI, ile taasisi ya mifupa, mwishoni mwa 2018. Daktari hakuanza na picha. Aliniambia nitembee hatua chache, akaangalia, akaniambia nilale, akalikunja goti langu akaanza kuuzungusha mguu kuingia ndani taratibu. Nikapiga kelele. Miezi 14 hamna mtu alikuwa ameuzungusha huo mguu hivyo isipokuwa yule bibi, na yule alikuwa anaukanda. Akasema hili sio goti. Akauliza maswali, una sikoseli, unakunywa pombe, umewahi kuumia, umewahi kutumia steroidi. Nikasema hapana yote. Akanyamaza kidogo akauliza tena kwa lugha nyingine, vidonge vya kunenepa umewahi kumeza?

Nikashindwa kujibu. Nilivimeza. Nilikuwa msichana mwembamba, watu wananicheka, kabla ya harusi yangu nikaanza kununua vile vidonge wanavyouza kwenye vikaratasi bila boksi, vingi vina deksa ndani, deksamethasoni, ambayo ndo steroidi yenyewe, na nikaendelea navyo karibu miaka 2 kwa sababu nikiacha mwili unarudi. Uso ukawa wa duara, wote wakanisifu. Sikuwahi kumwambia mtu, hata mume wangu alijua nimeshiba raha za ndoa. Na pale nilikuwa karibu nikatae tena kwa aibu. Nikamwambia. Hakunisema vibaya hata kidogo, aliandika tu, akaniandikia MRI, kile kipimo cha picha kinachoonyesha mpaka ndani ya mfupa.

Alinielewesha hivi. Kichwa cha mfupa wa paja ni kama mpira ulioingia kwenye kikombe cha nyonga, na kinalishwa na mishipa midogo sana ya damu. Damu ikipungua pale, kwa steroidi za muda mrefu, kwa pombe nyingi, kwa sikoseli, au baada ya nyonga kuvunjika au kuchomoka, ule mfupa unakufa kidogo kidogo. Mwanzoni ukipiga eksirei unaiona safi kabisa. Ni kama nguzo iliyoliwa na mchwa ndani, nje unaiona nzima na paa liko juu, mpaka siku inapobonyea. MRI inauona mapema kabla haujabonyea. Kwa hiyo wewe kuambiwa eksirei iko safi ni habari nzuri, lakini haimaanishi kesi imefungwa kama maumivu bado yapo.

Majibu yangu yalitoka hivi, kulia kichwa kilikuwa kimeshabonyea, na kushoto, mguu ambao hata siku moja haujawahi kuniuma, nao ulikuwa umeanza. Nililia pale kwenye benchi la nje sitaki kudanganya. Kushoto nilifanyiwa ile ya kutoboa mfupa kupunguza presha ya ndani, wanatoboa kabla hakijabonyea, sio kila mtu inamsaidia lakini mimi mpaka leo nyonga hiyo inanibeba vizuri. Kulia hamna cha kutoboa tena, ikabidi kubadilisha nyonga, yani wanatoa kile kichwa wanaweka cha bandia na kikombe chake. Kama ningekuja mwaka mmoja nyuma labda na kulia kungetobolewa tu. Hapo ndo naposema usivumilie.

Operesheni watu wanaiogopa sana, na mimi niliogopa, nilikuwa na miaka 36 naambiwa mambo niliyozoea kuyasikia kwa wazee. Ila sio kitu cha kubahatisha, daktari wa mifupa John Charnley kule Uingereza alishaanza kubadilisha nyonga kwa mtindo unaofanana na wa leo miaka ya 1960 mwanzoni. Nyonga nyingi za bandia zinafika miaka 15, 20 na kuendelea, ingawa ukiwa kijana unajua huenda siku moja ukarudi kubadilisha tena. Siku ya pili yake nilisimamishwa na fremu ya kutembelea. Yale maumivu ya kinena yalikuwa hayapo, kulikuwa na maumivu ya kidonda ambayo ni mengine kabisa na yanapungua. Dawa ya kuzuia damu kuganda usiiruke hata siku moja.

Kazi ilikuwa nyumbani. Wiki za mwanzo hutakiwi kukunja nyonga kupita pembe ya mraba, hutakiwi kukunja nne, hutakiwi kukaa kigoda, na choo chetu kilikuwa cha kuchuchumaa. Nilimpelekea fundi wa kuchomelea kiti cha chuma akakikata katikati akakiwekea kifuniko cha choo cha kukalia, nikakiweka juu ya shimo, hicho kiti kimenisaidia kuliko vitu vingi nilivyonunua. Nikapanga rundo la mito kwenye kochi ili niwe juu. Cherehani nikafunga mota, nakanyaga kidogo tu. Jirani yangu Muislamu aliyefanyiwa hiyo hiyo anaswali kwenye kiti. Haya mambo yaulizeni kabla ya operesheni, msisubiri mmerudi nyumbani na choo hakiingiliki.

Sasa mkuu mimi sikwambii una ugonjwa wangu. Nyonga inaweza kuuma kwa gegedu (ile sehemu laini inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo) kusagika, kwa mshipa wa mgongoni kubanwa (hiyo mara nyingi inauma zaidi makalioni na kushuka nyuma ya mguu), kwa misuli tu, na huku kwetu kuna TB ya mfupa pia, kwa hiyo kama unapungua mwili, unatoka jasho usiku, homa za jioni, sema. Nachokwambia ni kwamba miezi imepita, inauma mbele, huwezi kuvaa viatu bila kukaa, hiyo haitaki diklofenaki nyingine, inataka mtu auzungushe mguu. Na usisubiri kabisa kliniki kama siku moja umeshindwa kuukanyaga ghafla, au nyonga inauma pamoja na homa kali, au umeanza kufa ganzi sehemu za siri au mkojo unatoka wenyewe. Hizo ni za kwenda saa hiyo hiyo hata kama ni usiku.

Na ukiulizwa ulichowahi kutumia, sema vyote. Pombe sema kiasi cha kweli. Sindano za "kuondoa maumivu" ulizochomwa dukani zitaje maana nyingine zina hizo hizo steroidi. Kama kuna ndugu ana sikoseli taja. Ila wale mnaosoma hapa ambao mnatumia prednisoloni mliyoandikiwa kwa ajili ya pumu au figo au ngozi, tafadhali msije mkaacha ghafla kwa sababu yangu, kuacha ghafla kuna hatari zake, ongeeni na daktari wenu.

Kwa saizi kabla hujaenda, tafuta fimbo, na uishike mkono wa kushoto, upande ambao hauumi. Najua inaonekana kinyume, mimi niliishika upande wa maumivu miezi mingi na haikunisaidia kitu, nilivyohamisha mkono nikaona mguu umepungukiwa mzigo siku hiyo hiyo. Usilale kitandani siku nzima, tembea kidogo kidogo. Usimruhusu mtu yeyote auvute mguu. Bodaboda punguza trip, najua ni mkate wako, lakini ile kuushusha mguu chini kila kituo na kuubeba mzigo wa pikipiki inakuumiza.

Andika kwenye karatasi lini ilianza, inauma wapi kwa kuonyesha kidole, saa ngapi inazidi, dawa gani umekula na kwa muda gani, maana ukifika mbele ya daktari dakika ni chache na utasahau nusu. Ile eksirei ya mwanzo nenda nayo, usiiache nyumbani, wanalinganisha. Wahi asubuhi, na uvae bukta au suruali pana ili aweze kukuzungusha mguu. Ukishapimwa rudi hapa utuambie walichokuta, nitakuwa naangalia.